Kabla ya kuhesabu dagaa, pima maji

Usiku wa giza, ambao wengine huuogopa, kwa mvuvi wa dagaa wa Kigoma ndio mchana wake wa kazi. Mwezi ukishajificha, taa za vipe, vyombo vya wavuvi hao, husambaa juu ya Ziwa Tanganyika hadi mgeni aliyesimama ufukweni akadhani ng'ambo kumejengwa mji. Tarehe 15 Mei 2024 taa hizo zilizimwa upande wa Tanzania. Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani humo kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane na wakue.

Hatua hiyo ina mantiki, na mtu yeyote aliyewahi kuona wavu wa matundu madogo ukitoa vifaranga vya samaki atakubali kwamba ziwa linahitaji kupumua. Lakini miezi hiyo mitatu ndiyo pia miezi ya kusi. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki hulifuata ziwa kwa urefu wake. Huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na yale ya chini yenye rutuba yakapanda upande wa kusini, karibu na Mpulungu nchini Zambia. Wakati binadamu analipumzisha ziwa, upepo unalilima.

Hapo ndipo penye swali. Samaki wakiongezeka baada ya Agosti, sifa ni ya amri au ya upepo? Na wasipoongezeka, wa kulaumiwa ni mvuvi aliyeiba usiku, au ni maji yaliyokataa kuchanganyika? Anayehesabu makarai ya dagaa mwaloni peke yake hawezi kujibu. Jibu limo katika viumbe ambao hakuna karai linaloweza kuwapima: mwani usioonekana bila hadubini, bakteria, na wadudu wa majini walio wadogo kuliko punje ya chumvi. Hao ndio wanaoamua ziwa litatoa kiasi gani, na wao wenyewe huamuliwa na mambo mawili: joto la maji, na nani anamla nani. Usimamizi wa uvuvi unaopima nyavu, mitumbwi na samaki lakini ukaacha kupima mambo hayo mawili ni usimamizi wa nusu ya ziwa.

Ziwa lenyewe si la kawaida. Lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofika mita 1,470. Duniani kote ni Baikal peke yake, huko Siberia, linalolizidi kwa kina. Ukiacha barafu, takriban asilimia 17 ya maji yasiyo ya chumvi yaliyo juu ya ardhi ya dunia yamo humo, yakigawanywa kati ya Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Katika miaka ya 1990 mavuno yake ya mwaka yalikadiriwa kuwa kati ya tani 165,000 na 200,000 za samaki.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya ziwa hilo haina samaki hata mmoja. Oksijeni huishia kwenye mita 100 hivi upande wa kaskazini, na kama mita 200 upande wa kusini. Chini ya hapo ni giza tupu, pamoja na haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai viza. Ni kama nyumba ya ghorofa nyingi ambayo wakazi wote wamejibana ghorofa ya juu, na ghala la chakula liko chini, limefungwa.

Ghala hilo lilijazwa na vijiumbe. Mwani unapokufa huzama taratibu, na hivyo hivyo mizoga na kinyesi cha wanyama wa majini. Bakteria huvivunjavunja vitu hivyo vikiwa njiani na vikishafika chini, na kuachilia naitrojeni, fosforasi na silika. Kwa maelfu ya miaka rutuba hiyo imekuwa ikirundikana kilindini. Juu kuna mwanga lakini rutuba ni haba; chini kuna rutuba lakini hakuna mwanga. Mwani unahitaji vyote viwili kwa pamoja ili ufanye usanisinuru. Uji usiokorogwa huganda chini, juu ukabaki maji. Mwiko wa Ziwa Tanganyika ni upepo, na kinachoamua kama mwiko huo utazunguka kwa urahisi au utakwama ni joto.

Tofauti ya joto kati ya juu na chini ya ziwa hili ni ndogo kiasi cha kumshangaza mtu. Maji ya juu huwa kati ya nyuzijoto 24 na 28 za Selsiasi, na yale ya kilindini hukaa kwenye 23 na kitu. Mtu akiingiza mkono angeweza asihisi tofauti yoyote. Lakini maji yana tabia yake: kadiri yanavyokuwa na joto, ndivyo ongezeko dogo la joto linavyoyafanya yawe mepesi zaidi. Maji yakipanda kutoka nyuzi 24 hadi 25, uzito wake hupungua mara 30 hivi kuliko yanapopanda kutoka nyuzi 4 hadi 5. Ndiyo maana maziwa ya ukanda wa joto huathiriwa na nyongeza ndogo ambayo katika ziwa la Ulaya la majira ya baridi isingesumbua. Tabaka la juu likipata hata nusu nyuzi zaidi, hukaa juu ya lile la chini kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo uleule wa jana haulitoshi tena.

Hilo ni pigo la kwanza la joto kwa vijiumbe vya ziwa, nalo ni la njaa. Lipo la pili, ambalo huzungumzwa kidogo sana nje ya maabara, nalo linahusu ukubwa wa chembe.

Kusi inapokoroga maji vizuri, mwani unaoshamiri ni daiatomu. Hawa hujijengea gamba la silika, aina ya kioo, kwa hiyo ni wazito. Bila maji yanayochanganyika huzama. Wanahitaji rutuba kwa wingi na wakiipata hukua haraka. Tena ni wakubwa kiasi cha kutosha kukamatwa na kuliwa moja kwa moja na kopepodi, wale wadudu wadogo wa majini ambao ndio chakula kikuu cha dagaa. Dagaa naye huliwa na mgebuka. Mnyororo huo unajulikana kwenye mwambao wote, ingawa majina hubadilika: dagaa wa Kigoma huitwa ndagala nchini Burundi na kapenta Zambia; mgebuka, akivuka kwenda Bujumbura au Uvira, anakuwa mukeke.

Maji yanapotulia na kupata joto, hali hugeuka. Rutuba ikiadimika, kiumbe mwenye umbo dogo sana ndiye anayefaidi, maana kwa ukubwa wake ana ngozi nyingi ya kufyonzea kile kidogo kilichopo. Hapo ndipo sainobakteria wadogo mno, ambao mamia yao wangeweza kupangana katika upana wa nukta mwishoni mwa sentensi hii, hushika nafasi ya daiatomu. Kwa mtu anayepima rangi ya kijani majini, pengine ziwa halijabadilika sana. Kwa dagaa, limebadilika kabisa. Kopepodi hawezi kukamata chembe ndogo kiasi hicho kwa urahisi. Inabidi kwanza iliwe na kiumbe wa chembe moja, naye aliwe na kiumbe mwingine mkubwa kidogo, ndipo kopepodi apate chochote. Mwaka 1983 Farooq Azam na wenzake waliichora njia hiyo ya mzunguko kwa upande wa bahari, na makala yao yalibadilisha namna wanasayansi wanavyoyaangalia maji kote duniani.

Hesabu yake ni rahisi, na ni kali. Kwa wastani, katika kila hatua ya kuliwa, asilimia 10 tu ya chakula ndiyo hugeuka mwili wa mlaji. Iliyobaki hupotea kwa kupumua, kutembea na kinyesi. Kilo 1,000 za daiatomu hutoa kilo 100 za kopepodi, nazo zikatoa kilo 10 za dagaa, na mwisho kilo 1 ya mgebuka. Ongeza hatua moja tu kati ya mwani na kopepodi, na kilo 1,000 zilezile zitatoa kilo 1 ya dagaa. Uzalishaji wa mwani haukupungua hata kidogo, lakini sahani ya binadamu imepungua mara kumi. Maisha halisi ya ziwa hayafuati hesabu hii kwa unyoofu kiasi hicho, kwa sababu kopepodi hula vitu vingi kwa wakati mmoja. Hata hivyo mwelekeo ni huo, na unaonyesha kwa nini haitoshi kuuliza kama ziwa linazalisha. Lazima iulizwe pia kinachozalishwa ni cha ukubwa gani na kinapita kwa nani.

Pigo la tatu ni la matumizi. Joto huharakisha kila kitu ndani ya kiumbe, lakini si kwa kasi moja. Kupumua, yaani kuchoma chakula ili kupata nguvu, huongezeka kwa joto haraka kuliko usanisinuru. Nchini Uingereza Gabriel Yvon-Durocher na wenzake walichimba mabwawa madogo ya majaribio, wakapasha moto nusu ya mabwawa hayo kwa takriban nyuzi 4 na kuacha mengine kama yalivyo. Mabwawa yenye joto yalitumia sehemu kubwa zaidi ya kile yalichozalisha. Ni familia ambayo kipato kimepanda kidogo, ila matumizi yamepanda zaidi.

Ramani ya wanaokula rutuba ya ziwa haiishii kwa samaki. Mwaka 2006 Carsten Schubert na wenzake walionyesha kwamba karibu na mpaka wa oksijeni wa Ziwa Tanganyika wapo bakteria wanaogeuza amonia kuwa gesi ya naitrojeni, ambayo mwani wengi hawawezi kuitumia. Ulikuwa ushahidi wa kwanza wa kazi hiyo kufanyika katika ziwa la maji yasiyo ya chumvi. Rutuba inayopanda kutoka kilindini, kabla haijafika kwenye mwanga, hupita mlangoni kwa mtoza ushuru. Mlangoni hapohapo wamo bakteria wanaokula gesi ya methani inayopanda kutoka chini, wakiizuia isifike angani. Ushuru huo na ulinzi huo hufanyika kila siku, katika kila kilomita ya ziwa, bila mtu yeyote kuuona.

Kuna ushahidi gani kwamba mambo haya yanatokea kweli, na si nadharia ya vitabuni?

Mwaka 2003 makala mawili yalitoka karibu kwa pamoja. Piet Verburg na wenzake walilinganisha vipimo vya joto vilivyochukuliwa ziwani mwaka 1913 na vile vya mwaka 2000, wakaonyesha kwamba maji yamepata joto na matabaka yameshikamana zaidi. Catherine O'Reilly na wenzake, wakitumia aina za kaboni zilizohifadhiwa katika tope la sakafu ya ziwa, walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20. Walisema hilo lingeweza kumaanisha kupungua kwa mavuno ya samaki kwa takriban asilimia 30. Makadirio hayo yalikuwa mazito kwa nchi ambazo ziwa lilikuwa likizipa kati ya asilimia 25 na 40 ya protini ya wanyama wanayokula watu wake.

Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walikwenda mbali zaidi, nao walitumia kipimajoto cha ajabu: vijiumbe vyenyewe. Kundi moja la vijiumbe vya kale, arkea, hurekebisha mafuta ya ngozi ya chembe zao kufuatana na joto la maji. Mpishi yeyote wa pwani anaijua kanuni hiyo jikoni kwake. Mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi na kuyeyuka mchana, na kiumbe anayetaka ngozi yake isigande wala isiyeyuke lazima abadilishe aina ya mafuta yake. Arkea wakifa, mafuta hayo hubaki topeni. Watafiti walipoyasoma matabaka ya tope ya miaka 1,500, hawakuona kipindi chochote ambacho uso wa ziwa ulikuwa na joto kama la mwishoni mwa karne ya 20. Nyakati za joto zilikuwa pia nyakati ambazo daiatomu walipungua, na hilo lilisomeka katika silika iliyobaki kutokana na magamba yao.

Kisha mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakasoma mabaki ya samaki wenyewe, mifupa na magamba yaliyozikwa topeni. Waliona kwamba kupungua kulianza katika karne ya 19, kabla uvuvi wa kibiashara haujaingia ziwani katikati ya karne ya 20. Waliona pia kwamba, katika maeneo waliyoyachunguza, sakafu ya ziwa yenye oksijeni ilikuwa imepungua kwa asilimia 38 tangu 1946. Konokono na samaki wa mwambaoni wanaoishi kwenye sakafu hiyo, ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, walikuwa wamepoteza zaidi ya theluthi moja ya makazi yao.

Haki inataka upande wa pili usikilizwe. Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake, waliolifahamu ziwa kupitia mradi mkubwa wa utafiti wa miaka ya 1990 uliofadhiliwa na Finland, walipinga. Walisema takwimu za samaki huakisi zaidi mabadiliko ya uvuvi kuliko ya hali ya hewa. Hoja yao ina uzito. Meli za nyavu za kuzungushia ziliingia kaskazini mwa ziwa katika miaka ya 1950, zikavua kwa nguvu, zikapungua. Vita vya Burundi vilivyoanza 1993 vilivuruga uvuvi wa upande huo. Idadi ya wavuvi na taa imeongezeka kupita kiasi. Nani angeweza kusema kwamba haya hayana athari?

Lakini mzozo huo wa wasomi ndio hasa unaothibitisha kasoro ya usimamizi. Miaka mingi imepita na watu waaminifu bado wanabishana kuhusu kilichopunguza samaki, kwa sababu vipimo vya maji vilichukuliwa kwa vipande vipande: safari ya watafiti mwaka huu, mradi wa wafadhili miaka kumi baadaye, kisha kimya. Samaki walihesabiwa, walau kwa makadirio. Maji hayakupimwa kwa mfululizo. Hukumu ikatolewa huku shahidi mmoja hajaitwa.

Tena mvutano wenyewe, uvuvi au joto, hauna msingi kwa mtu anayejua mtandao wa chakula. Uvuvi nao, kwa kubadilisha idadi ya samaki, hufika hadi kwa vijiumbe. Mfano wake uko jirani, Ziwa Kivu, na aliyeuleta ni dagaa wa Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walichukua samaki hao na kuwamwaga Kivu, ambako hapakuwa na samaki wa kula wadudu wa maji ya katikati ya ziwa. Waliopona ni aina ile ambayo leo Goma, Bukavu na Gisenyi wanaiita sambaza. Kabla ya hapo Kivu ilikuwa na Daphnia, kijidudu mkubwa kidogo na mchungaji hodari wa mwani. Sambaza walimla hadi akatoweka, na wadudu wa majini waliobaki wakawa wachache na wadogo. Uvuvi ulipata faida kubwa, na maelfu ya familia za Rwanda na Kongo hula kutokana nayo hadi leo. Lakini malisho ya vijiumbe vya Kivu yalibadilishwa kutoka juu, na samaki aliyekuwa na urefu wa kidole.

Ziwa Victoria lilipata somo kama hilo kwa ukali zaidi. Sangara waliopandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960 walishamiri katika miaka ya 1980 na kuwamaliza mamia ya aina za furu, wengi wao wakiwa walaji wa mwani na mabaki. Wakati huohuo rutuba ya mashambani na maji taka ya miji yalizidi kumiminika ziwani. Daiatomu waliwapisha sainobakteria, maji yakawa mazito ya kijani, na oksijeni ikaanza kukosekana kilindini kwa sehemu ya mwaka.

Victoria inafaa kukumbukwa kwa sababu nyingine. Mtu akisikia kwamba Tanganyika inakosa rutuba juu, anaweza kufikiri kwamba maji taka ya miji ya mwambaoni kama Bujumbura, Kigoma na Kalemie ni dawa. Si dawa. Rutuba ya maji taka haiji na silika ya kutosha kwa daiatomu, wala haiji na mchanganyiko wa maji unaowaweka juu. Katika maji yaliyotulia na yenye joto huwalisha hasa sainobakteria, ambao baadhi yao hutoa sumu na wengi wao hawaliki vizuri. Tanganyika nayo haisamehe haraka. Mto wake wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, na maji yake huchukua mamia ya miaka kubadilishwa. Kitakachomwagwa leo kitakutwa na wajukuu.

Basi kifanyike nini?

Kwanza, kufunga ziwa kuendelee, lakini kusibaki tambiko la kila mwaka ambalo matokeo yake hayapimiki. Mwaka ambao kusi ni kali na mwaka ambao ni dhaifu si miaka miwili inayofanana, na kipindi cha mapumziko hakiwezi kuhukumiwa kwa vipimo vilevile. Kukiwa na kumbukumbu za joto za kilindini za kila siku, wataalamu wataweza kutenganisha kazi ya upepo na kazi ya amri. Hata tarehe zenyewe zinaweza kujadiliwa kwa ushahidi: je, faida ni kubwa zaidi kupumzisha ziwa kusi inapovuma, au baadaye, kaskazini, wakati maji yaliyoinamishwa na upepo yanaporudi na kuyumba, na wadudu wa majini wanapoongezeka?

Pili, vipimo viwe kazi ya kudumu ya umma, visisubiri mfadhili. Vifaa si vya ajabu. Kamba yenye vipimajoto kila baada ya mita kadhaa, ikiwa na nanga chini na boya juu, hufanya kazi mwaka mzima. Chupa ya sampuli za maji, wavu mwembamba wa kukusanyia wadudu wa majini na hadubini nzuri humtosha mtaalamu mmoja kusema kila wiki kama daiatomu wapo au wametoweka, kama kopepodi wanaongezeka au wanapungua. Watu na vituo pia vipo: Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ina kituo Kigoma, Kongo ina kituo chake cha utafiti wa viumbe wa majini Uvira, Zambia ina watafiti wa uvuvi Mpulungu. Kinachokosekana ni bajeti isiyokatika na amri ya kupima pande zote kwa namna moja.

Chombo cha kutoa amri hiyo nacho kipo. Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika ulisainiwa na nchi zote nne jijini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyozaliwa na mkataba huo ina makao yake Bujumbura. Upepo unaokoroga maji Mpulungu ndio unaoamua, wiki kadhaa baadaye, kitakachotokea Kigoma na Uvira. Hakuna nchi kati ya hizo nne inayoweza kulisoma ziwa hilo kwa kupima robo yake.

Tatu, mzigo ugawanywe kwa haki. Mvuvi wa kipe hakulipasha ziwa joto. Joto hilo linatokana na gesi zilizotoka kwenye viwanda na magari ya nchi za mbali kwa zaidi ya karne moja. Anapoambiwa akae nyumbani miezi mitatu, mama anayeanika dagaa kwenye vichanja akakosa mtaji, na bei ya mboga mjini ikapanda, familia hizo zinalipa deni ambalo sehemu yake si yao. Serikali nne zikiwa na kumbukumbu thabiti za joto na uzalishaji, zitakuwa na hoja ya kupeleka kwenye meza za fedha za mabadiliko ya tabianchi ili wavuvi wafidiwe katika miezi ya kufunga. Bila kumbukumbu hizo zitabaki na malalamiko, na malalamiko hayajazi fomu.

Hili halimwondolei mvuvi wajibu wake. Ziwa ambalo vijiumbe vyake vinazalisha kidogo zaidi haliwezi kuvuliwa kwa kiwango cha zamani. Chakula kikipungua chini ya mnyororo, nyavu haramu na uvuvi wa vifaranga vinauma zaidi, kwa sababu samaki anayetolewa ni mgumu zaidi kurudishwa. Joto haliwezi kuwa kisingizio cha kuvua kwa nyavu haramu kama kokoro. Ila mvuvi atazikubali sheria kwa moyo zaidi akionyeshwa sababu zake, na wavuvi ni wepesi wa kuelewa habari hizi kuliko wanavyodhaniwa. Wao wanajua rangi za maji, wanajua usiku ambao dagaa hukaa chini na kukataa taa, wanajua kusi iliyochelewa inamaanisha nini mfukoni. Wamekuwa wakisoma kazi ya vijiumbe miaka yote bila kupewa majina yake.

Ubao wa matangazo wa mwalo huandikwa bei na marufuku. Wakati mwingine ziwa litakapofunguliwa baada ya mapumziko, ubao huo uongezewe safu tatu: makarai yaliyopokelewa wiki hii, joto la maji kwenye mita 5 na kwenye mita 100, na wingi wa daiatomu na kopepodi ukilinganishwa na wiki kama hiyo mwaka uliopita. Ubao wa namna hiyohiyo uwekwe Katonga mkoani Kigoma, Uvira, Rumonge nchini Burundi na Mpulungu, kwa lugha ambayo wavuvi wa kila mahali wanaisoma. Baada ya misimu mitano, mvuvi na waziri watakuwa wanasimama mbele ya tarakimu zilezile.